Je, wajua ni nini kinachokausha chipsi ndani ya eafraya?

Chukua viazi vilivyokatwa chipsi, vipake kijiko kimoja cha mafuta, kisha gawa mafungu mawili. Fungu la kwanza litie kwenye oveni ya kawaida isiyo na feni, nyuzi 200. La pili litie kwenye eafraya (air fryer), nyuzi hizo hizo 200. Baada ya dakika 20 chipsi za eafraya zimeshapata rangi ya dhahabu na zinalia zikitafunwa, ilhali za oveni bado zimepauka na kulegea. Joto ni lile lile, viazi ni vile vile, mafuta ni yale yale. Kilichozidi upande mmoja ni upepo.

Ndani ya eafraya hamna siri kubwa. Juu kuna koili ya umeme, juu ya koili kuna feni, na chini kuna kikapu chenye matundu. Feni husukuma hewa ya moto kwa nguvu, hewa hupita kati ya chakula, hugonga chini na kupanda tena. Ni oveni ndogo yenye upepo mkali. Ukishauelewa upepo huo, utajua kipi cha kupika humo na kipi cha kuacha, ipi ya kununua, na kwa nini kifaa kinachokaa kwenye kona ya meza kinaweza kuzima umeme wa gari zima la kulala, yale magari yenye kitanda na jiko ambayo familia hukodi kwa safari za Ulaya na Marekani.

Tuanze na kiazi chenyewe. Karibu asilimia 80 yake ni maji, na maji yakichemka hayapandi zaidi ya nyuzi 100. Maana yake, madhali uso wa chipsi umelowa, joto la uso huo linakwama hapo hapo hata kama oveni imewekwa nyuzi 200. Ile rangi ya dhahabu na ile harufu inayowaita watoto jikoni hutokana na mmenyuko kati ya sukari na vijenzi vya protini, ambao mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Mmenyuko huo hushika kasi kuanzia nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo uso lazima ukauke kwanza ndipo uive rangi.

Kwenye oveni tulivu, mvuke unaotoka kwenye kiazi hubaki umekizunguka. Unakuwa utando mwembamba wa hewa yenye unyevu, yenye joto la chini kuliko sehemu nyingine ya oveni, na utando huo hukilinda chakula dhidi ya moto ule ule tunaoulipia. Feni ya eafraya huufagia utando huo kila unapotaka kutanda. Kila mwanamke wa pwani anajua kwamba kanga iliyoanikwa siku ya upepo hukauka kabla ya ile iliyoanikwa kwenye jua kali lisilo na upepo. Kazi ni hiyo hiyo.

Mafuta ya kwenye karai hufanya kazi hii vizuri zaidi, na tuseme ukweli huo waziwazi. Mafuta ya moto hukigusa chakula kila pembe kwa wakati mmoja na hupitisha joto haraka kuliko hewa. Ndiyo maana hata kwenye eafraya kile kijiko kimoja hakikwepeki. Kinatanda kwenye uso, kinapokea joto la hewa na kulipeleka ndani, na kinabeba ladha ya viungo. Chipsi zisizopakwa hata tone hutoka ngumu kama zimekauka juani, halafu lawama inaangukia mashine. Kijiko kimoja cha mezani kwa nusu kilo ya viazi kinatosha, na ukilinganisha na lita nzima iliyokuwa ikichemka kwenye karai, huo ni unafuu mkubwa wa afya na wa mfuko.

Chombo hiki kilianza kujulikana duniani mwaka 2010, kampuni ya Philips ilipokionyesha kwenye maonyesho ya vifaa vya umeme ya Berlin. Mholanzi Fred van der Weij ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wake. Lakini wazo la kupika kwa upepo ni la zamani zaidi. Miaka ya 1940 Mmarekani William Maxson alitengeneza oveni ndogo yenye feni ya kupashia moto vyakula vilivyogandishwa ndani ya ndege. Upishi wa upepo, basi, ulikuwa safarini kabla haujaingia jikoni mwetu.

Sasa tupike. Viazi vikishakatwa, viloweke kwenye maji baridi nusu saa ili wanga wa juu utoke, kisha vikaushe kwa kitambaa safi mpaka visiache alama ya maji. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayoamua kila kitu, kwa sababu maji yoyote unayoyaacha juu ya kiazi ni kazi unayoiongezea feni. Paka mafuta, anza na nyuzi 180 kwa dakika 15, tikisa kikapu, malizia na nyuzi 200 kwa dakika 5 hadi 8. Chumvi iwe mwisho, maana chumvi huvuta maji. Na usijaze kikapu. Chipsi zikirundikwa, upepo unapita juu tu na zilizo katikati zinachemka kwa mvuke wa wenzake. Ni afadhali kupika mara mbili.

Zitoe zikiwa za dhahabu, si za kahawia iliyoiva sana. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa joto linalozidi nyuzi 120 huzalisha akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani. Eafraya haiiondoi, kwa kuwa huo nao ni upishi wa joto kali na ukavu. Kuloweka viazi na kutoviunguza ndiko kunakoipunguza.

Kuku mwenye ngozi hahitaji mafuta kabisa, kwani mafuta yaliyo chini ya ngozi huyeyuka na kuikaanga yenyewe. Hakikisha tu kwamba ndani, karibu na mfupa, amefika nyuzi 75. Kipimajoto cha nyama kinakutoa wasiwasini. Samaki mzima aliyepakwa chumvi, kitunguu saumu na ndimu hutoka vizuri akikaushwa kwanza. Sambusa zipakwe mafuta kwa brashi pande zote, la sivyo manda inabaki na vumbi la unga. Mihogo ichemshwe kwanza mpaka ilainike, ndipo iingie kwa ajili ya rangi.

Viazi karai vya Mombasa viacheni kwenye karai lake. Ule uji wa unga unaovizungushia huganda pale pale unapokutana na mafuta ya moto. Kwenye eafraya unadondoka kwenye matundu kabla haujashika, na unabaki na kiazi uchi na kikapu cha kusugua. Bajia za uji wa dengu ni vivyo hivyo. Mchicha na majani mengine mepesi hupeperushwa hadi kwenye koili. Hata karatasi ya kuokea isiwekwe ndani wakati mashine inapashwa moto ikiwa tupu, kwa sababu itanyanyuka, itagusa koili na kuungua.

Katika kununua, maduka hutangaza lita. Lita hupima kina pia, na kina hakisaidii chipsi. Kinachosaidia ni upana wa kitako cha kikapu, mahali chakula kinapoweza kulala tabaka moja. Ya lita 5 au 6 yenye kitako kipana inaitosha familia ya watu wanne. Mtu mmoja au wawili wanatoshwa na ya lita 2 hadi 3. Zenye droo mbili ni nzuri kwa nyumba yenye watu wengi, lakini angalia wati zake, maana nyingi zinapita 2,400. Mimi ningechagua yenye vitufe vya kuzungusha kwa mkono. Ina vitu vichache vya kuharibika. Ina kasoro moja tu ya kuijua: saa ya aina hiyo huendeshwa na springi, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea kuhesabu huku chakula kimepoa.

Umeme wenyewe tuuangalie. Eafraya ya wati 1,500 ikifanya kazi dakika 20 mfululizo hula nusu uniti, na kwa kawaida chini ya hapo, kwa sababu themostati huizima koili kila joto likitimia. Ukinunua LUKU au tokeni, hesabu ni hiyo. Kuna jambo lingine linalowahusu wanaoishi mtaa wenye umeme hafifu. Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti (volti mara volti), hivyo volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, eafraya ya wati 1,500 hubaki na kama 1,020. Pishi la dakika 20 linakuwa la nusu saa, na si kosa la mpishi wala la mashine.

Mraba huo huo ndio unaoziunguza eafraya zinazoletwa kama zawadi kutoka Marekani. Kule umeme wa majumbani ni volti 120. Kifaa cha wati 1,500 cha Marekani kikichomekwa Dar es Salaam kwenye volti 230 kitataka kuvuta kama wati 5,500, na hakitamaliza hata dakika chache. Adapta ya plagi haibadilishi volti. Kinachobadilisha ni transfoma, na ya kubeba wati 1,500 ni nzito na ghali kiasi kwamba heri kununua eafraya nyingine. Zinazotoka Dubai hazina shida hiyo, kwa kuwa volti zinalingana na zetu na hata plagi ya miguu mitatu bapa ni ile ile.

Kwenye gari la kulala ndiko hesabu hizi zinapouma. Ukiwa Ulaya, kiwanja cha kambi hukupa umeme wa volti 230 kwa waya, ila kwa kikomo cha mkondo wa umeme: ampea 6, 10 au 16. Zidisha 230 kwa 6 upate wati 1,380. Eafraya ya 1,500 peke yake imeshavuka, na breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inaweza kuanguka. Ampea 10 hukupa wati 2,300, zinazoitosha eafraya lakini si pamoja na birika la umeme. Waulize kabla ya kulipa, na panga chai isubiri chipsi.

Mbali na kambi unategemea betri. Tundu la kuchomeka chaja ya simu, lile la volti 12, hutoa wati 120 hadi 180 tu, kwa hiyo lisahau. Unahitaji inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nayo inataka kuvuta kutoka betri ya volti 12 takriban ampea 140 ili kuilisha eafraya ya wati 1,500, ukijumlisha na umeme unaopotea njiani. Hiyo ni nguvu ya kuyeyusha waya mwembamba. Betri ya risasi na asidi ya saa-ampea 100 ina wati-saa kama 1,200, nusu yake tu ndiyo ya kutumia bila kuiumiza, na ikivutwa kwa kasi hiyo volti zake huporomoka na inveta hujizima huku kuku hajaiva. Ya lithiamu huvumilia zaidi, lakini nyingi za saa-ampea 100 zina kikomo cha ndani cha ampea 100, yaani wati 1,280 hivi. Ndiyo maana kwa gari ningenunua eafraya ndogo ya lita 2 ya wati 900 au 1,000, ambayo betri moja ya lithiamu inaimudu, badala ya kubwa inayodai betri mbili. Wakenya na Watanzania wanaoendesha malori ya masafa Marekani na kulala ndani yake waangalie vivyo hivyo wati za inveta ya lori na unene wa nyaya zake. Jenereta ndogo ya wati 950 haifikii hata hiyo ya 1,000.

Inveta ya bei rahisi mara nyingi hutoa wimbi la umeme lisilo laini. Koili haijali, lakini saketi za eafraya yenye skrini zinaweza kugoma. Hapo tena vitufe vya mkono vinakuwa na faida.

Ndani ya gari, iweke chini ya dirisha lililofunguliwa, sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani, kwa sababu mgongoni inatoa hewa ya moto na mvuke unaolowesha godoro. Usiiwashe gari likitembea, na safarini ifungwe kabatini isije ikaruka breki zikikanyagwa. Haitoi monoksidi ya kaboni, na hilo peke yake linaipa thamani usiku wa baridi. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe ndani ya gari au chumba kilichofungwa, hata likionekana limezimika; gesi hiyo haina harufu na imeua watu wengi wakiwa usingizini.

Kikapu kioshwe kwa sifongo laini, wala si kwa waya wa kusugulia masufuria, ili utando wake usichunike. Utando wa nonstiki huanza kuharibika ukizidi nyuzi 260, joto ambalo eafraya nzima isiyo na hitilafu haifiki. Hata hivyo ndege wana mapafu dhaifu mno kwa moshi wa utando unaoungua, kwa hiyo kama kwenu kuna kasuku, tundu lake lihamishwe mbali na jikoni.