TEXT, MTEXT au MLEADER? Maandishi kwenye AutoCAD

Vijana wanaokuja ofisini kwetu hapa Nairobi kujifunza kuchora ramani kwa AutoCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, karibu wote huanza na TEXT, amri ya kuandika mstari mmoja mmoja. Unaandika, unagonga Enter, unaandika tena. Wasichokiona ni kwamba kila Enter imezaa kitu kingine kinachojitegemea: mistari 20 ya maelezo ya ujenzi ni vitu 20.

Mimi nililijua hilo kwa jasho. Jioni moja mhandisi alipiga simu akitaka mchanganyiko wa zege utoke 1:2:4 uwe 1:1.5:3, na sentensi mbili ziongezwe hapo hapo. Mstari ukarefuka hadi ukatoka nje ya fremu. Nikaukata, kipande kikalalia mstari wa chini, nikasogeza huo, nao ukalalia mwingine. Kwa MTEXT, amri ya kuandika aya nzima kama kitu kimoja, ningeandika tu, na aya ingejipanga yenyewe ndani ya upana niliouweka. Siku hizi nikiletewa faili ya namna ile, nateua mistari yote na kutumia amri ya TXT2MTXT, inakuwa aya moja. Ukitaka kuivunja tena, EXPLODE ipo.

TEXT yenyewe siitupi. Jina la chumba, namba ya mlango, herufi ya gridi: neno fupi lisilotarajiwa kukua halina haja ya kisanduku cha MTEXT.

Penye mshale wa kuonyesha neno linahusu nini sibishani na mtu, ni MLEADER, amri ya kuandika neno pamoja na mshale wake. Wengi huchora mstari wao, wakaweka neno pembeni, basi. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku niliposogeza neno "SWICHI 1200" (yaani swichi iwe milimita 1200 kutoka sakafuni) ili kupisha kipimo. Mshale ukabaki ulipokuwa, ukaangukia kando ya "SOKETI 300". Fundi wa stima kule saiti Kasarani akasoma alichokiona, akachimba ukuta karibu na sakafu. Kwa MLEADER neno na mshale ni kitu kimoja. Ukivuta neno, mstari unalifuata na ncha inabaki pale pale ilipoelekezwa.

Chombo chochote utakachochagua, kimo cha herufi kina hesabu yake. Ukichora jengo kwa ukubwa wake halisi kwa milimita na kutaka herufi za 2.5 mm kwenye karatasi, skeli ya 1:100 inadai uandike 250, na 1:50 inadai 125. Au uwashe Annotative, programu ikupigie hesabu. Kuna aliyeandika 2.5 yenyewe, akaprinti karatasi kubwa ya A1 nzima, mteja akauliza majina ya vyumba yako wapi.