Mchango wako umekataliwa: soma jibu kabla ya kukasirika

Malalamiko ya aina mbili yanaongezeka kwenye kituo chetu cha informatike hapa Lubumbashi. Vijana wanasema michango yao kwenye programu huria (ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzibadilisha) inakataliwa kwa sababu wako Kongo. Wenye depo za dawa nao wanasema fundi amewauzia programu ya stoku "huria", lakini anakatalia msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe.

Tuanze na vijana. Mara nyingi msimamizi wa mradi hajui hata uko mji gani. Anaona ulichotuma tu. Chukua faili la mistari 1,400 ambamo umesahihisha tarehe ya Kifaransa kwenye mistari 3. Kihariri chako cha Windows kikibadilisha alama ya mwisho wa kila mstari, kutoka LF (ya Linux) kwenda CRLF (ya Windows), Git, programu ya kufuatilia mabadiliko, itahesabu mistari yote 1,400 kuwa mipya. Nani atachambua yote hiyo ili aione ile 3? Basi, kabla ya kutuma, andika `git diff --stat`. Mstari uliobadilishwa unahesabiwa mara mbili, wa zamani na mpya; idadi ikizidi hapo, simama hapo hapo. Ili Git isawazishe alama hizo yenyewe, kwenye Windows weka `git config --global core.autocrlf true`, kwenye Linux weka `input` badala ya `true`. `git diff --check` nayo itakuonyesha nafasi tupu zilizobaki mwishoni mwa mistari. Na ombi moja la kuingiza mabadiliko libebe jambo moja: tarehe peke yake, rangi ya kitufe peke yake.

Mega za intaneti ni ghali, tunajua. `git clone --depth 1` inapakua hali ya sasa tu bila historia, ila hutaweza kufuatilia nani aliandika mstari gani na kwa nini.

Ujumbe wa badiliko (commit) unaosema "nimerekebisha" hausaidii mtu. Andika kichwa kifupi, acha mstari mtupu, kisha eleza nini kilikuwa kinaharibika, kwenye toleo gani, na hatua za kukifanya kitokee tena. Miradi inayofuata Cheti cha Asili cha Msanidi (DCO) cha mwaka 2004, Linux ikiwamo, inadai pia mstari wa Signed-off-by. Amri `git commit -s` inauweka. Kwa mstari huo unathibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Kama uliuandika kazini, omba ruhusa ya mwajiri kwanza.

Yanayovunja moyo zaidi ni mazungumzo. Kwetu barua inaanza na salamu, na mdogo habishani na mkubwa. Kule msimamizi anaandika moja kwa moja: "Sehemu hii si sahihi. Kwa nini hukutumia msimbo uliopo tayari?" Hilo ni swali, na anangoja jibu. Kijana wetu anajibu "asante, nimeelewa" halafu ananyamaza kwa heshima. Upande wa pili kimya hicho kinasomwa kuwa ameacha kazi, na ombi linafungwa. Jibu kila hoja: nimebadilisha, au sikubaliani kwa sababu hii. Kupinga kwa sababu si utovu wa adabu. Usipojibiwa, mwongozo wa Linux unasema subiri angalau juma moja kabla ya kukumbusha. Kukumbusha kila asubuhi kunachosha watu ambao wengi wao wanajitolea.

Matusi ni jambo jingine. Miradi mingi inatumia kanuni za maadili za Contributor Covenant, zilizoanza mwaka 2014. Toleo la 2.1 lina ngazi nne: kusahihishwa kwa faragha, onyo, kufungiwa kwa muda, kufungiwa daima. Kosa zito linaweza kurukishwa ngazi.

Sasa wenye depo. Tumesema mara nyingi na tunarudia: huria si kitu kisicho na mwenyewe. Kuuza kunaruhusiwa. Ila programu ikiwa chini ya leseni ya GPL (inayodai msimbo ubaki huria), anayekupa nakala ana wajibu wa kukupa msimbo chanzo wake, pamoja na mabadiliko aliyofanya; hana wajibu wa kumpa mji mzima. Chini ya GPL toleo la 3, anayekiuka anapoteza haki zake. Akiacha ukiukaji, haki zinarudi kwa muda, na zinathibitika kabisa ikiwa mwenye hakimiliki hakumwandikia ndani ya siku 60. Akiandikiwa na ni kosa lake la kwanza kwa mwenye hakimiliki huyo, ana siku 30 za kurekebisha. Toleo la 2 halina nafuu hiyo.

Kabla ya kumshitaki fundi, fungua faili la LICENSE au COPYING, ambamo leseni imeandikwa. Leseni ya BSD, kama ile ya DHIS2, programu ya takwimu za afya inayotumika kwenye zone zetu za afya, haimlazimishi kutoa msimbo. Ikiwa ni GPL, mwandikie, taja toleo la programu, na utunze nakala ya barua yenye tarehe. Akikataa, peleka nakala hiyo kwa waandishi wa programu, kwani kwa kawaida wao ndio wenye hakimiliki. Kituo chetu kinaweza kukusaidia kuandika barua hiyo. Hakina mamlaka ya kumlazimisha fundi.