Kibiongo ni nini, na mgongo hupindaje?

Kabla hatujaona kwamba mgongo wa bibi yetu umepinda, gauni lake lilikuwa limeshasema. Lilikuwa gauni la Idi, lililoshonwa Tandahimba, mkoani Mtwara, enzi ambazo bado alitembea kwa haraka hadi sisi wajukuu tukawa tunamkimbilia kwa nyuma. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu, mbele na nyuma sawasawa. Miaka ikapita, gauni likaanza kuburuza mbele na kupanda nyuma. Fundi akalipunguza upande wa mbele, na baada ya muda akalipunguza tena. Hakuna kati yetu aliyejiuliza gauni linarefukaje. Siku tulipomuuliza habari za mgongo alijibu, "Uzee tu, mjukuu wangu," nasi tukaridhika, maana huku kwetu mzee kuinama kunahesabiwa kama mvi, kitu kinachokuja chenyewe.

Jibu lile la "uzee tu" lilituchelewesha sana. Mgongo unaweza kupinda kwa sababu ya mazoea, kwa kulegea kwa misuli, kwa kuvunjika kwa mifupa au kwa ugonjwa, na kila sababu ina njia yake ya kushughulikiwa. Anayeziita zote uzee anaziacha zote.

Neno tunalolitumia ni kibiongo. Wengine husema kigongo au nundu. Neno hili linabeba maana mbili kwa pamoja: ule mpindo wa mgongo wa juu unaotokeza nje, na mtu mwenyewe aliyepinda. Maana ya pili ndiyo inayoumiza, kwa sababu mtoto akishaitwa Kibiongo shuleni, jina humfuata hadi utu uzima. Hapa nalitumia kwa maana ya kwanza tu.

Ili kuuelewa mpindo, anza na kitu ambacho wengi hawakitarajii: uti wa mgongo wenye afya haujanyooka. Ukimtazama mtu kwa ubavuni, shingo yake inaingia ndani kidogo, mgongo wa juu unatoka nje, kiuno kinaingia ndani tena. Uti huo ni vipande vya mfupa vilivyopangana, viitwavyo pingili, na tunazaliwa navyo 33 hivi. Saba ni za shingo, 12 zimeshikana na mbavu, tano ni za kiuno, kisha tano zinaungana kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, na zile ndogo za mwisho hufanya kifandugu. Mikunjo hiyo hupokea mtikisiko kila unapokanyaga chini, kama springi za baiskeli. Kwa hiyo kila mmoja wetu ana kibiongo kidogo mgongoni. Kwa kijana mkunjo huo huwa kati ya nyuzi 20 na 40. Tunaanza kuliita tatizo pale unapozidi hapo.

Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, vipande laini vilivyojaa maji. Diski ya mtu mzima haina mishipa yake ya damu. Inakula kama dodoki la kuogea: ukilibana linatoa maji, ukiliachia linanyonya. Mchana kutwa uzito wa mwili unazibana, usiku ukilala zinanyonya upya. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimita 1 hadi 2. Mwenye shaka apige alama ya mkaa ukutani mara tu anapoamka, kisha apime tena baada ya magharibi. Mfano huu wa dodoki unaeleza karibu kila kitu kuhusu mazoea. Dodoki lililobanwa upande mmoja kutwa nzima bila kuachiwa halipati chakula vizuri, na misuli inayolishikilia nayo huchoka.

Njoo sasa kwenye mikorosho. Msimu wa kuokota, kuanzia mwezi wa 9 au wa 10, utawakuta akina mama wawili chini ya mti mmoja, ndoo moja kati yao. Wa kwanza anakunja mgongo wenyewe: magoti yamenyooka, kiuno kimeviringika, kichwa kinaning'inia. Wa pili anapinda kwenye nyonga. Magoti yake yamelegea, makalio yameenda nyuma, na mgongo umelala sawa kama meza. Wote wanaokota korosho zilezile, lakini jioni wa kwanza atanyanyuka kwa kushika kiuno kwa mikono miwili, naye wa pili ataondoka na ndoo yake. Tofauti ni mahali walipopindia. Nyonga ni kiungo kikubwa kilichoumbwa kwa kazi hiyo. Pingili za kiuno nazo hupinda, lakini zikifanyishwa kazi ya nyonga maelfu ya mara kwa siku, zinalemewa.

Pwani ya Kusini watu wengi wameshafundishwa namna hii ya kupinda bila kujua kwamba ni somo la mgongo. Ni rukuu, kule kuinama ndani ya swala. Mwalimu wa madrasa anamtaka mtoto aweke viganja magotini na mgongo ulale sawa, hata kikombe cha maji kikiwekwa juu yake kisimwagike. Bibi yangu hakuwahi kukosea rukuu maisha yake yote, lakini akitoka kwenye mswala anachukua fagio la chelewa na kuviringika kama kambale. Nilipomwambia afagie kwa rukuu, alielewa papo hapo, upesi kuliko kwa maelezo yote niliyokuwa nimempa.

Vijana nao wana yao. Fundi cherehani wa pale sokoni na dereva wa bodaboda anayesubiri abiria huku ameinamia simu wana mkao mmoja: shingo mbele, mabega yamezunguka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 au 5. Kikikaa juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikisogezwa mbele, misuli ya shingo inavuta kama mtu anayezuia ngalawa kwa kamba. Haimaanishi kwamba kuangalia simu kunazaa kibiongo cha kudumu. Kwa kijana, mpindo wa aina hii kwa kawaida ni wa mazoea. Ukimwambia anyooke ananyooka, na hicho chenyewe ni kipimo kizuri. Mpindo usionyooka hata mwenyewe akijitahidi ndio wa kufuatilia.

Hapa nina neno na wazazi. Kumpigia mtoto kelele "nyooka!" kila dakika hakusaidii sana. Mtu anayekaa wima kama askari wa gwaride kwa saa tatu naye anachoka, kwa sababu tatizo kubwa la mkao ni kukaa palepale bila kubadilika. Wapo watu wenye mgongo uliopinda wasioumwa kitu, na wapo walionyooka kama mnazi wanaoshindwa kulala kwa maumivu. Fundi cherehani akisimama kila nusu saa, akanyoosha mikono juu, akatembea hadi mlangoni na kurudi, atakuwa amefanya zaidi ya yule aliyenunua kiti cha bei kubwa akagandia juu yake.

Na ndoo je? Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na kule Newala juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yamekuwa shida ya vizazi, wanawake wamezibeba tangu utoto. Mzigo wa kichwani ukiwa mwepesi na shingo imezoea, unamfunza mtu kutembea wima. Ukiwa mzito, kila siku, tena kwa kupanda mlima, unagandamiza pingili za shingo. Siwezi kuusifia mzigo huo kwa sababu tu unampa mtu mwendo mzuri.

Umri una kazi yake pia, na kazi hiyo ni ya kweli. Diski hupoteza maji na kuwa nyembamba. Ndicho watu wanachokiita "pingili kusagika". Misuli hupungua taratibu kuanzia miaka ya 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Misuli mirefu inayopanda kando ya uti wa mgongo ndiyo inayotuinua kila tunapotaka kuanguka mbele. Ikilegea, mwili unainama kuelekea ardhini. Lakini kinachopindisha zaidi kwa wanawake wazee ni mifupa. Mwanamke akikoma hedhi, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yake hushuka, na katika miaka michache ya mwanzo mifupa hupoteza uimara haraka. Ndani yake inakuwa na matundu makubwa, kama mkate wa kumimina uliochacha kupita kiasi.

Pingili ya namna hiyo haihitaji ajali ili ivunjike. Kuinua ndoo kunatosha, wakati mwingine hata kukohoa. Inajikunja upande wa mbele, inakuwa kama kabari, na iliyo juu yake inainama. Zikivunjika mbili tatu, mtu amepinda. Nyingi huvunjika kimya au kwa maumivu yanayodhaniwa ni kiuno cha kawaida. Bibi aliwahi kulalamika wiki tatu baada ya kunyanyua gunia la mihogo. Tukamsugua mafuta, maumivu yakaisha, tukasahau. Picha ya eksirei aliyopigwa miaka mingi baadaye ilionyesha pingili mbili zimebonyea. Pingili iliyobonyea hairudi urefu wake. Kinachowezekana ni kuzilinda zilizobaki, na kwa hilo kuna dawa, kuna chakula, kuna mazoezi.

Kuhusu chakula nitasema kwa ufupi: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa, mboga za majani, na jua. Sigara inaharibu mifupa. Mifupa inajengwa zaidi kabla ya miaka 30, kwa hiyo binti anayelishwa vizuri na kuruka kamba leo anajiwekea akiba ya miaka 70.

Mazoezi yanahitaji uangalifu, kwa maana lipo kosa linalofanyika kwa nia njema kabisa. Mtu anamwona mzee amepinda, anamwambia ashike vidole vya miguu "ili mgongo ulainike". Kwa mwenye mifupa dhaifu, kujikunja mbele namna hiyo kunaibana pingili palepale inapovunjikia. Anachohitaji ni kinyume chake, yaani kuimarisha misuli ya nyuma. Alale kifudifudi mkekani na kuinua kichwa na mabega kidogo tu, ahesabu hadi tano, ashuke. Asiyeweza kulala kifudifudi akae kwenye kigoda, avute mabega nyuma kama anayetaka mifupa ya bega igusane. Kutembea kila siku. Kunyanyuka kitini bila kutumia mikono. Haya yanafanyika uani bila kununua chochote, na mtaalamu wa mazoezi tiba hospitalini anaweza kumpangia kila mtu kiasi chake.

Kuna mpindo mmoja ambao haupaswi kusubiri hata wiki. Mtoto au kijana akitokwa na kigongo chenye ncha, kana kwamba pingili moja imesukumwa nje, akiwa na homa za jioni, jasho la usiku au anakonda, huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Ndiyo, kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, kabla vijidudu vyake havijajulikana. Unatibika kwa dawa, na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za serikali. Ukiachwa unaweza kupoozesha miguu. Mtu mwenye mgongo unaouma ambaye miguu inakosa nguvu au mkojo unamtoka bila kujijua apelekwe siku hiyohiyo, iwe hospitali ya Ligula kwa aliye Mtwara au ya Sokoine kwa aliye Lindi. Na binti anayekua ambaye bega moja liko juu kuliko jingine naye aonwe na daktari, kwa sababu kupinda kwa upande ni jambo jingine na huongezeka wakati wa kurefuka.

Kwa wengine wote, kipimo cha nyumbani ni ukuta. Simama visigino na makalio vikiugusa, tazama mbele bila kuinua kidevu. Kisogo kinapaswa kugusa ukuta au kuukaribia sana. Kama hakigusi, mtu mwingine apime nafasi kwa vidole, na muweke kumbukumbu. Pimeni na urefu pia. Mtu mzima aliyepungua sentimita 4 kutoka urefu wake wa ujanani ana sababu ya kutosha ya kuomba picha ya mgongo.

Bibi tulimpima mara ya kwanza kwenye ukuta wa jikoni, vidole sita. Kisha tukalichukua lile fagio lake la chelewa, tukalifunga kwenye mti wa mwanzi unaomfika kifuani. Siku mbili alilalamika kwamba halishiki vumbi. Siku ya tatu jirani alikuja kuuliza tumelifungaje, naye bibi, amesimama katikati ya uwanja, akamwonyesha fundo.