Dhana potofu kuhusu rekodi za My Fair Lady, na ukweli wake

Kuna watu ukiwaambia My Fair Lady, lile igizo la nyimbo, ya 1956 na ya 1959 ni rekodi mbili tofauti wanabisha kabisa, maana wakiangalia kava wanaona majina yale yale, Rex Harrison, Julie Andrews, Stanley Holloway, basi wanajua ni sauti ile ile imesafishwa tu ikawekwa stirio, yaani sauti ya chaneli mbili, kushoto na kulia. Hapana jamani. Ya kwanza ni ya waigizaji wa Broadway, ilirekodiwa Machi 25, 1956, siku kumi tu baada ya onyesho kufunguliwa New York, na ni mono, yaani chaneli moja tu. Ya pili ni ya onyesho la London, wameimba upya mwanzo mpaka mwisho, stirio ikiwa imeshaingia sokoni.

Na tofauti inasikika! Andrews wa 1956 ana miaka 20, akifika kwenye wimbo wa Just You Wait ana hasira ya kweli, yaani unasikia anavyoyang'ata yale maneno. 1959 ameshaiimba usiku baada ya usiku, sauti imetulia, kila noti anajua inakaa wapi, ila ule ukali umepungua. Harrison ndo zaidi, maana yeye haimbi sana, anaongea juu ya muziki, sasa akishazoea anaanza kuyavuta maneno anavyotaka. Kwahiyo anayesema stirio lazima iwe bora mimi simkubalii, stirio inaipa okestra nafasi lakini haiongezi chochote kwenye uigizaji. Mimi nachukua 1956 bila kusita.

Dhana nyingine, eti rekodi ya waigizaji inanaswa ukumbini watu wakiwa wamekaa wanatazama. Hutokea, ila mara chache sana. Kawaida wanapelekwa studio siku ambayo hawana onyesho, na ile ya 1956 ilikuwa Jumapili, mtayarishaji ni Goddard Lieberson wa kampuni ya rekodi ya Columbia. Hakuna makofi, hakuna mtu anayecheza huku anahema, na kazi yote inaisha siku moja, ndo maana ina ile haraka ya watu waliotoka jukwaani jana yake.

Wala usidhani unasikia onyesho zima. Jukwaani linakwenda karibu saa tatu, santuri ya enzi hizo inabeba kama dakika 50, kwahiyo mazungumzo na muziki wa kucheza vingi vimeachwa.

Wengine wanasema Oklahoma! ya 1943, igizo jingine la nyimbo, ndo rekodi ya kwanza ya waigizaji duniani. Siyo, London waigizaji wa igizo la Florodora walishaimba nyimbo zake kwenye sahani mwaka 1900. Kilichofanywa na Oklahoma! ni kuonyesha kwamba zinauzika, na sana.

Halafu filamu ya My Fair Lady ya 1964, hii ndo inachanganya watu kuliko zote. Wanasikiliza albamu yake wanasifia sauti ya Audrey Hepburn, aliyecheza nafasi ya Andrews, kumbe nyimbo nyingi zimeimbwa na mwimbaji mwingine, Marni Nixon, Hepburn mwenyewe amebaki vipande tu, kikiwemo cha mwanzo wa Just You Wait, na ukitega sikio utasikia sauti inabadilika katikati ya wimbo. Harrison alikataa kurekodi kwanza halafu afungue mdomo tu mbele ya kamera, akafichiwa maiki kwenye tai akaimba pale pale wakati wa kupiga picha. Kwahiyo yeye una matoleo matatu ya kulinganisha, Andrews mawili tu.