Cheti cha uhuishaji cha mtandaoni kinaleta ajira?

Hapa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, wengi huamini kwamba ukihitimu chuo cha mtandaoni cha uhuishaji, yaani utengenezaji wa katuni, cheti kitakufungulia mlango wa studio. Si ajabu: kwenye ualimu au uuguzi, bila cheti huajiriwi.

Katuni zina utaratibu wake. Kwa kawaida mwajiri hutaka kwanza video fupi ya kazi zako, kisha anakagua mwendo. Chukua mvuvi wa Kibirizi anayevuta wavu wa dagaa: uzito unaonekana mgongoni na miguuni, au mikono tu ndiyo inayosogea kama ya mdoli? Sekunde moja ya filamu huwa na fremu, yaani picha moja moja, 24, na zikikosewa mbili tatu jicho hushtuka. Cheti hakifichi hilo. Mwalimu anayekusahihisha kazi yako, huyo ndiye ningemlipia.

Kabla ya kutoa ada, soma matangazo kumi ya kazi, uhesabu mangapi yanadai cheti na mangapi yanadai video. Kiombe chuo kazi za wahitimu wa kawaida, si za vinara tu, uwatafute uwaulize wanafanya nini sasa. Blender, programu ya kompyuta ya kutengenezea katuni, ni ya bure; ijaribu kwanza, kama kompyuta yako inaimudu.