Paka hachechemei, lakini anaumwa

"Daktari, huyu amezeeka tu. Angekuwa anaumwa angelia, au angechechemea." Nimechoka kuisikia kauli hii, kwa sababu anayelipa gharama yake ni paka.

Ugonjwa wa viungo mara nyingi humshika paka pande zote mbili kwa pamoja: viwiko vyote viwili, nyonga zote mbili. Akwepe mguu upi, aegemee upi? Na kulia hatalia, maana paka huficha maumivu. Anachofanya ni kuacha mambo, moja baada ya jingine. Dirishani alikokuwa akiruka mara moja, sasa anapitia kitini kwanza, tena baada ya kusita. Anaacha kujilamba kiunoni, manyoya ya hapo yanafungamana. Makucha yanarefuka kwa kuwa hayanoi tena. Anakojoa pembeni ya sanduku la mchanga kwa sababu kuuvuka ukingo kunamuuma, halafu anagombezwa. Akishikwa mgongo, anang'ata. Nyumbani wanasema "siku hizi ametulia".

Uzee si ugonjwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, zilipitiwa picha za eksirei za paka 100 waliozidi miaka 12, na 90 kati yao walikutwa na mabadiliko ya viungo. Basi ukiniambia paka wako wa miaka 13 ni mzee tu, nitamkagua viungo kabla sijakubali.

Ombi langu kwa kila mteja: mrekodi video nyumbani, akipanda ngazi, akiruka, akishuka. Mezani kwangu anajikunyata kwa woga na hanionyeshi chochote. Video ya nusu dakika hunisaidia kuliko maelezo marefu.

"Eksirei ni safi, basi viungo ni vizima." Hapana. Picha na maumivu haviendi sambamba. Gegedu lenyewe, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halionekani kwenye eksirei.

"Nimempa kipande cha parasetamoli." Usithubutu! Ini la paka haliwezi kuiondoa sumu yake, damu inashindwa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja kinatosha kumuua. Ibuprofeni nayo ni sumu kwake.

"Basi hakuna dawa." Zipo. Meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, kwa dozi ndogo, huku figo zikipimwa, huwafaa wengi. Kuna pia frunevetimabu, sindano ya kutuliza maumivu ya mara moja kwa mwezi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022.

"Ni mnene, nitamnyima chakula." Apungue, ndiyo, kwani kila gramu ya ziada inabebwa na viungo hivyo hivyo, lakini apungue polepole. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, mafuta hujaa kwenye ini na anaweza kufa.

Wakati unasubiri miadi, kata upande mmoja wa sanduku la mchanga ushuke, na weka kigoda chini ya mahali anapopenda kulala.