Mbwa haogopi banda, anaogopa komeo

Kliniki yetu haipiti wiki bila mtu kuja na lalamiko hili: "Daktari, mbwa hataki kabisa kuingia bandani, mpaka kijana amburute." Nami huuliza: akishaingia, anakutana na nini humo?

Kwa nyumba nyingi za hapa Dar es Salaam jibu linajulikana. Wenye nyumba wanatoka saa 11 alfajiri kuwahi foleni, mbwa anafungiwa, na hafunguliwi mpaka usiku wageni wakishaondoka na geti likishafungwa. Akimrukia mgeni, bandani. Akitafuna ndala, bandani. Akiogeshwa dawa ya kupe, bandani tena mpaka akauke. Hilo la mwisho nalikiri: mbwa wangu wa kwanza nilimharibu hivyo hivyo, na cheti cha udaktari kikiwa ukutani. Ilifika mahali akisikia tu komeo likigonga nondo, masikio yanalala, mkia unaingia katikati ya miguu, anakimbilia nyuma ya simtanki.

Kwa hiyo kagua banda kwanza. Piga magoti, uingie saa 7 mchana mwezi wa pili, ukae dakika tano. Sitanii. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza hasa kwa kuhema, na kwa unyevunyevu wa pwani kuhema kwenyewe hakumsaidii sana. Bati tupu juu ya kichwa chake ni tanuri. Litandikie makuti, au hamishia banda chini ya mwembe. Upande mmoja au miwili uwe wavu, upepo upite, na sakafu iinuliwe kwa chaga za mbao ili maji ya masika yasimkute amelala. Aweze kusimama wima, kugeuka na kujinyoosha. Ziba nyufa, maana kupe hujificha na kutaga humo, na mbwa anayenyonywa damu usiku kucha hawezi kupapenda mahali hapo. Maji yasikosekane.

Mazoezi yaanze siku za mapumziko, si Jumatatu unapokimbilia kazini. Funga mlango kwa kamba ubaki wazi, usije ukajibamiza. Weka chakula kizingitini, ugali na dagaa wake wa siku zote, kisha uondoke. Usimwite wala usimsukume. Kesho bakuli lisogee ndani kidogo, keshokutwa zaidi, mpaka ale akiwa ndani mwili mzima. Wapo wa siku tatu, wapo wa wiki mbili. Aliyezoea kuingizwa kwa fimbo atachelewa, mvumilie.

Komeo lina somo lake peke yake. Mbwa akiwa nje, ligonge mara moja, mtupie dagaa. Gonga, dagaa. Mara kumi asubuhi, kumi jioni. Baada ya siku kadhaa utaona akisikia chuma anageuza shingo kukutafuta. Hapo sasa funga mlango akiwa anakula, na ufungue kabla hajamaliza. Kisha dakika moja, tano, kumi, wewe ukiwa pembeni unachambua mchele wako. Halafu ingia ndani ya nyumba, urudi. Gunia kuukuu lenye dagaa walionyunyizwa kwenye mikunjo yake litampa kazi ya kunusa, ila uwepo umwangalie asije akalimeza.

Akilalama kidogo, subiri anyamaze ndipo ufungue, la sivyo atajua kelele ndiyo ufunguo. Lakini akitoa udenda, akikwaruza mlango mpaka kucha zinavuja damu, huyo ana hofu, si mkaidi. Mfungulie upesi, na kesho urudi hatua mbili nyuma.

Kuna wanaoniambia mbwa akifungiwa mchana kutwa ndiyo anakuwa mkali. Anakuwa mwoga, na mbwa mwoga hachagui: atamng'ata mwizi, atamng'ata mtoto wa jirani, atamng'ata kijana anayemletea chakula. Na mtu aking'atwa, ni kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali mara moja kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa anaonekana mzima. Chanjo ya kila mwaka nayo isisahaulike. Isitoshe tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama si jambo la ndani ya ukuta wako tu.

Kijana wa kazi mfundishe na yeye, maana mara nyingi ndiye anayeshika hilo komeo. Ukijenga wewe Jumamosi, yeye akamburuta Jumanne, mnaanza upya.

Mbwa wangu yule alichukua wiki tatu na ushei. Jioni moja mvua ilishuka ghafla, nikatoka na mwavuli kumtafuta nyuma ya simtanki, hayupo. Nilimkuta bandani, mlango wazi, amelala chali juu ya gunia lake.